Godoro la Kipanga

"Kaka, kwani ukiifungua itakuuma?"

Ziada aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, ndoo tupu mkononi, macho kamtolea kaka yake. Mwaka huo alikuwa darasa la sita, na mdomo wake haukuwa na breki. Ashrafu alikuwa amekaa juu ya godoro, kompyuta iko mapajani, imewashwa, kidole kimesimama juu ya kitufe bila kukibonyeza. Ziada alimwacha hivyo alipokwenda bombani, akamkuta hivyo aliporudi, na sasa alikuwa anakwenda tena.

Ashrafu aliifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika chungu alichokuta kina nyoka, akamwambia mdogo wake alete hiyo ndoo, maji atachota yeye. Ziada akampa haraka, maana hakuna mtoto anayekataa kupumzishwa. Ila aliona kitu kimoja ambacho hakukisahau: mkono ulioipokea ndoo ulikuwa umelowa jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Pale kwao, nje kidogo ya mji wa Mikumi, upande ambao mashamba yanaishia na pori la hifadhi linaanza, hakuna aliyemwita Ashrafu kwa jina lake isipokuwa mama na Ziada. Wengine wote walimwita Kipanga. Ndivyo wanafunzi wanavyomwita mwenzao anayeongoza darasa, na Ashrafu aliongoza tangu la kwanza mpaka la saba, akaenda sekondari Kilosa mjini akaongoza tena. Jina likamfuata nyumbani. Wazee msikitini wakalitumia. Mwenye duka alimwuliza mambo ya Bunge na mambo ya mbolea, kana kwamba kijana wa kidato cha pili anayajua yote mawili. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Ruaha na kurudi mwisho wa mwezi, aliwaambia wenzake kuwa ana mtoto ambaye hajawahi kushika namba mbili.

Hebu fikiria kukua hivyo. Watu wanakupenda, sawa, lakini wanayempenda ni Kipanga, na wewe ndiye unayetakiwa kumlisha huyo Kipanga kila siku asije akakufia mikononi.

Alipofika chuo, Morogoro, alikuta darasa zima limejaa vipanga, kila mmoja katoka kwao na sifa zake. Mwaka wa kwanza alitoka jasho. Mwaka wa pili akatoboa. Mwaka wa tatu ukaja utafiti. Alikuwa anasomea mambo ya wanyamapori, na akachagua swali alilokua nalo tangu utotoni: kwa nini tembo wa hifadhini wanarudi kwenye mashamba yaleyale kila msimu, wakati mengine ya jirani hawayagusi. Akilieleza kwa mdomo, wenzake walinyamaza kumsikiliza. Akaandika sura ya kwanza, akaisoma mwenyewe akaipenda, akaituma kwa msimamizi wake, Dokta Theodory.

Ikarudi baada ya wiki. Akaifungua palepale, anatabasamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwekundu kutoka juu mpaka chini, mistari huku, maneno pembeni, utadhani kuku mwenye damu miguuni kapita juu yake. Sentensi moja tu ndiyo aliyoisoma mpaka mwisho, ile ya juu kabisa: "Ashrafu, kurasa zote hizi na bado hujaniambia kitu."

Akaifunga. Akajiambia ataisoma kesho, akili ikitulia. Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa saba ulimkuta bado anaisubiri hiyo kesho.

Watu hudhani mwanafunzi anayeahirisha kazi ni mvivu, kalala, anachezea simu. Ashrafu hata kulala vizuri hakulala. Kila alipoiwasha kompyuta, tumbo lilishuka ghafla, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Masikio yanaziba. Anaona lile jina la faili, basi, moyo unaanza kwenda mbio na viganja vinalowa. Akiifunga tu na kushika ufagio, au pasi, au chochote kile, pumzi inarudi. Mwili ukajifunza hapo. Ukajua dawa ya hofu ni kushika kazi nyingine. Lakini dawa yenyewe iliisha nguvu upesi, na hofu kila iliporudi ilirudi imekua, kwa sababu siku nazo zilikuwa zimepungua.

Na siku zilijulikana. Mwisho wa mwezi wa tisa ndio mwisho wa kukabidhi utafiti. Asiyekabidhi anadisko, ndivyo wanachuo wanavyosema. Anafutwa, na miaka yote mitatu inakwenda na maji.

Mwezi wa saba hosteli zikafungwa. Brayan, aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake, alikuwa keshakabidhi na anaulizia suti ya mahafali. Ashrafu akafungasha vitu vyake, akakunja godoro, akalifunga kamba, akapanda basi la Mikumi. Alijiambia nyumbani kuna utulivu, ataandika huko, tena huko ndiko waliko wakulima wa kuwahoji na tembo wenyewe. Kitu ambacho hakukifikiria ni lile godoro.

Kule kwao godoro ni tangazo. Mtoto akienda shule ya bweni au chuo anaondoka na godoro lake, na likizo anarudi na begi tu; godoro linabaki hukohuko. Godoro likirudi, mambo ni mawili: umemaliza, au umefukuzwa. Na nani angefikiria hilo la pili juu ya Kipanga? Aliposhuka stendi na furushi lake kichwani, akina mama wanaouza vitunguu kando ya barabara kuu walimwona wakapiga vigelegele. Habari zikamtangulia kwa njia ya mkato, kwa hiyo alipofika nyumbani mama alikuwa keshatandika kanga mlangoni ili aikanyage akiingia. Alikuwa analia.

"Umemaliza, baba," alisema. "Umenitua mzigo."

Ashrafu alifungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "bado", halizidi hapo. Akamwangalia mama machozi yanavyomtiririka, akaufunga mdomo, akaikanyaga kanga. Akajiambia atamwambia jioni, watu wakishaondoka.

Jioni watu walikuwa wengi zaidi.

Basi ndipo zikaanza zile wiki ambazo mtaa ulizungumzia kwa sifa. Kipanga kamaliza chuo na wala hajioni. Alichimba choo kipya. Akaezeka upya banda la mbuzi. Akapaka chokaa ukuta wa msikiti, akatengeneza simu za watu, akawafundisha watoto wa jirani hesabu za kugawanya mpaka wakaanza kumkwepa. Kila kazi aliianza muda uleule ambao alikuwa amepanga kuanza kuandika. Akina mama wakawatolea wana wao mfano. Mjomba Kondo, kaka yake mama, mtu mwembamba mwenye maneno, alisema kama chuo ndicho kinachofanya hivi basi na yeye wampeleke, kuna uzio wake umelala tangu mwaka juzi.

Ni Ziada tu aliyeona. Alimwona kaka yake akiacha koleo na kulitazama dirisha la chumba chake kama vile ndani kuna maiti. Aliona simu ikiita anaigeuza kifudifudi. Siku moja iliita yeye akiwa ndani ya shimo la choo, Ziada akaipokea, akaamkia shikamoo, akasikia sauti ya mtu mzima, ya upole, ikiitikia marahaba na kujitambulisha kuwa ni Dokta Theodory, anamwomba Ashrafu. Ziada akapeleka simu shimoni. Ashrafu akatikisa kichwa. Akatikisa tena, na uso wake ukawa wa mtu ambaye Ziada hakumjua. Ikabidi aseme kaka kaenda shamba.

"Sawa," ile sauti ikajibu. "Mwambie sijamkasirikia. Mwambie tu muda unaisha."

Aliposimuliwa, Ashrafu aliketi palepale chini ya shimo, juu ya udongo mbichi. Dokta angekasirika ingekuwa afadhali. Mtu aliyekasirika unaweza kumkasirikia na wewe. Ziada akachuchumaa ukingoni, akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ndogo kama hajamaliza. Kaka yake akaweka kidole mdomoni. Ziada akaelewa, na tangu siku hiyo walikuwa wawili wanaoogopa.

Mama alikuwa na kipande cha mahindi bondeni, ya kiangazi, yanayopandwa kwenye unyevu wa kijito mvua zikishaisha. Mahindi ya namna hiyo ndiyo tembo wanayoyapenda, maana porini kumekauka. Kwa hiyo watu wa bondeni walipanga zamu za kulinda. Kuna madungu kule, majukwaa ya miti juu ya nguzo, na kila dungu lina madebe yake. Kazi ya mlinzi kuieleza ni nyepesi: ukimwona tembo akiwa bado mbali kwenye majani, unapiga debe hapohapo, wa dungu la pili anasikia anapiga lake, na wa tatu, mpaka bonde zima linapiga kelele na tembo anaghairi. Akishaingia kwenye mahindi akaonja, hata mpige mpaka kesho.

Alasiri moja zamu ilikuwa ya Ashrafu. Alipanda dungu na kompyuta kwenye begi. Alikuwa amejiapiza kuwa huko juu, peke yake, ataisoma ile sura. Akaiwasha. Akaliona lile jina la faili. Akainua macho ili apumue kidogo, na kwenye majani, upande wa hifadhi, alikuwa amesimama tembo dume, peke yake, masikio kayatuliza.

Alikuwa mbali. Ashrafu alijua mengi juu yake: umri kwa kukisia, kwa nini hana kundi, upepo unatoka wapi. Akashika kigongo cha kupigia debe. Akajiambia, ngoja nione kama anakuja kweli. Tembo akaja. Akajiambia, ngoja afike kwenye ule mkwaju. Akafika kwenye mkwaju. Mkono ulikuwa hewani, kigongo kimo, na hauteremki. Lile tumbo lilishuka vilevile kama mbele ya kompyuta, hakukuwa na tofauti hata chembe, na masikio yakaziba vilevile. Kisha akasikia mabua ya kwanza yakivunjika chini yake, polepole, mlaji hana haraka. Dungu likatikisika. Harufu nzito ikapanda. Jicho dogo lenye kope ndefu likamtazama kwa upande, likamwacha.

Aliyepiga debe ni mjomba Kondo, kwenye dungu la pili, baada ya kuona mahindi yanalala. Bonde zima likaitikia. Tembo aliendelea kula, akaondoka aliposhiba.

Walipomteremsha Ashrafu, alikaa chini akisubiri matusi. Nusu ya mahindi ya mama yake ilikuwa imelala, na kigongo cha debe kilikuwa bado mkononi mwake. Lakini watu walizunguka, wakatazama nyayo, wakamtazama yeye na begi lake la kompyuta, na mmoja akasema kwa sauti ya heshima kwamba Kipanga hakupiga kwa makusudi, alikuwa anampima. Mwingine akaongeza kuwa waliosomea wanyama hawapigi ovyo. Angepiga, lile dume lingekasirika na kuliangusha dungu. Mpaka wanafika nyumbani, habari ilikuwa kwamba Kipanga alimkazia macho tembo mpaka tembo akaona haya.

"Kaona haya mpaka kala nusu shamba," mjomba Kondo alisema. Watu wakacheka, na hata yeye mwenyewe alikuwa anatania tu.

Mama alimshukuru Mungu kwa uhai wa mwanawe. Mahindi hakuyataja kabisa.

Jioni hiyo Ashrafu hakugusa chakula. Tembo alikuwa keshaondoka akilini. Kilichomtisha sasa ni kuwa hakuna kitu ambacho angeweza kufanya watu hawa wakaacha kumwamini. Angeiacha nyumba iungue, wangesema alikuwa anapima moto.

Halafu kulikuwa na mbuzi. Ashrafu alipochaguliwa kwenda chuo, mama aliweka nadhiri: mwanangu akimaliza, nitamchinja beberu huyu mweupe, tusome maulidi, watu wale. Tangu siku hiyo yule mbuzi hakuwa wa mtu. Mwaka mmoja mvua zilipokataa, mfanyabiashara wa mnadani alimtaka sana, mama akasema huyu ana mwenyewe. Beberu aliingia jikoni alivyotaka, alikula ukili wa mkeka, alikojoa mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumchapa, kwa kuwa ni mbuzi wa Mungu. Sasa mama akatangaza kwamba deni la Mungu limeshakaa kiporo vya kutosha. Shughuli itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, siku chache kabla ya chuo kufunga mlango wake.

Kila asubuhi Ziada alimkodolea macho kaka yake, na macho yalikuwa yanauliza kitu kimoja: umemwambia? Baada ya chai, Ashrafu alisema. Ikapita chai. Baada ya adhuhuri. Akirudi sokoni. Baba akija. Baba akaja kutoka Ruaha na shati jipya, akamkumbatia mwanawe mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na ikawa ngumu zaidi. Wageni wakaanza kuingia. Shangazi alifika kutoka Malolo na gunia la vitunguu, akalifungua na kusema hivi ni vya pilau ya Kipanga, asiguse mtu.

Siku ya Ijumaa Ziada alimfuata kaka yake nyuma ya banda. Madrasa walikuwa wamefundishwa nadhiri: haiwi wajibu mpaka lile jambo liwe limetimia.

"Mama akichinja kesho na wewe hujamaliza," aliuliza, "uongo ni wa mama au wa kwako?"

Alikuwa haulizi kwa ukali. Alitaka kujua kweli. Ashrafu alishika ukuta wa banda aliloliezeka mwenyewe. Chuo kumfuta ni jambo moja. Mama yake kusimama mbele ya Mungu na watu akalipa deni ambalo halijafika, akiamini, na kanga mpya mwilini, hilo ni jambo jingine.

Jumamosi ua ulijaa. Akina mama wanachambua mchele, moshi wa kuni unazunguka, jamvi limetandikwa. Ashrafu alipasua kuni mpaka akaambiwa zinatosha. Akaosha masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Alimwendea mama akamkuta anaonja mchuzi, akaona asimkatize. Akamwendea tena akamkuta na wageni, akapita kama aliyekuwa anakwenda kwingine. Mjomba Kondo alikuwa ananoa kisu. Beberu akaletwa katikati ya ua. Hakugoma, alizoea kuheshimiwa.

Shehe alikuwa mtu wa kutaka mambo yafuate utaratibu. Alisema nadhiri hutamkwa na mwenye nadhiri kabla ya damu kumwagika. Mama akasimama mbele, akashika pembe za kanga yake, akasema maneno yake vizuri, jina la mwanawe, mbuzi wake asiye na jina, ahadi aliyoiweka. Sauti ilimkatika mwishoni. Shehe akaitikia, akamgeukia Ashrafu. Halikuwa swali la kweli. Liliulizwa jinsi bibi harusi anavyoulizwa kama ameridhia wakati pilau iko jikoni.

"Haya, Kipanga. Mama yako anamlipa Mola wake. Umemaliza?"

Watu walitabasamu. Mjomba Kondo alikuwa keshamlaza mbuzi na goti kaliweka begani kwake. Ashrafu akajisikia mwenyewe ndani akisema, ngoja. Ngoja achinje kwanza. Utamwambia mama baadaye, peke yake. Utaandika haraka, wiki ijayo itakuwa imeshakuwa kweli. Aliijua ile ngoja. Ndiyo ileile ya kwenye dungu. Nyuma ya shangazi alimwona Ziada, kaziba macho kwa viganja vyote viwili.

"Bado, Shehe."

Shehe akainamisha sikio, akidhani kasikia vibaya. Ashrafu akarudia, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sijamaliza. Hata kuandika sijaandika."

Kisu kikabaki hewani. Jikoni ukasikika mchele ukitokota.

"Na godoro?" shangazi akauliza, kana kwamba godoro ndilo lililodanganya.

Shehe akamwambia mama kwa upole kuwa nadhiri bado haijawa deni, mbuzi afunguliwe. Mama alichukua kamba mkononi kwa mjomba Kondo, akampitisha beberu katikati ya watu mpaka bandani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Aliwaambia wanawake wabandike maharage, mgeni haondoki na njaa kwake.

Kwa hiyo watu walikula pilau ya maharage, wameinama, wakizungumza mambo ya mvua. Baba alikula upande wa pili wa jamvi na hakuinua uso. Ashrafu aligawa maji ya kunawa. Mwenye duka alipomaliza, alimnyooshea mikono akasema, "Ashrafu, ongeza kidogo." Hakusema Kipanga. Tangu pale mpaka usiku hakuna aliyesema Kipanga.

Wageni walipopungua, mama aliingia chumbani kwa Ashrafu akakaa juu ya godoro. Akataka aonyeshwe hicho kilichobaki. Ashrafu akaileta kompyuta, akabonyeza lile jina la faili mama akiwa bega kwa bega naye. Wekundu ukajaa. Mama akauliza huo ni nini. Akamjibu ni makosa yake. Yote haya? Huu ni ukurasa wa kwanza tu.

Mama aliutazama muda mrefu, ingawa ulikuwa wa Kiingereza na hakuelewa neno.

"Umeniacha nikapigiwa vigelegele kwa ajili ya hiki," alisema. "Ulikuwa unaniogopa mimi?"

"Hapana, mama."

"Nani, sasa?"

Ashrafu angejua ni nani angesema, siku ile alikuwa hana tena cha kuficha. Mama akanyanyuka. Akamwambia kesho arudi chuo, akamwone huyo mwalimu, afutwe au asifutwe, na alichukue godoro lake. Ashrafu akaomba. Alisema ataondoka na begi tu, godoro atalifuata siku nyingine, alfajiri, kabla stendi haijachangamka.

"Lilikuja mchana, watu wakaliona," mama alisema. "Litarudi mchana."

Hivyo Jumapili, jua limeshapanda, Ashrafu alipita barabarani na godoro kichwani, Ziada nyuma yake kabeba begi la kompyuta. Kila mlango ulikuwa na mtu. Stendi, akina mama wa vitunguu walimwona wakaangalia vitunguu vyao. Mmoja tu, mkubwa wao, alisema safari njema, mwanangu, na Ashrafu akaitikia asante bila kuweza kugeuza shingo. Aliogopa kila hatua. Aliogopa akipanda basi, akaogopa lilipoondoka.

Barabara ya kwenda Morogoro inapita katikati ya hifadhi, na abiria siku ile walipata bahati: kundi la tembo karibu kabisa, na watoto wao. Basi likapunguza mwendo, watu wakasimama, simu nje ya madirisha. Ashrafu peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa na kompyuta mapajani, anausoma wekundu, mstari baada ya mstari.

Mwisho wa mwezi ulimpita. Hakufutwa. Dokta Theodory alimsikiliza mpaka mwisho, akamsaidia kuomba arudie mwaka. Ulikuwa mwaka wa aibu, wa kukaa darasani na waliokuwa nyuma yake, na hata baada ya huo akahitaji miezi mingine. Alirudi bondeni kuwahoji watu wa madungu, na swali la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa gumu kulitoa. Utafiti ukapita. Haukupata alama za kusimulia mtu. Siku hizi ana kazi ya mkataba kwenye mradi wa mizinga ya nyuki ya kuzuilia tembo, na taarifa zake anazikabidhi, ingawa Ziada amemwona mara nyingi akitoka nje kwanza, akizunguka banda, ndipo aingie ndani kuandika.

Beberu alichinjwa Ashrafu aliporudi na cheti. Alikuwa amezeeka, nyama yake ikapikwa tangu asubuhi na bado ilikuwa ngumu kama tairi. Mjomba Kondo alisema Mungu kalipwa, ila meno yao ndiyo yaliyolipa. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Ziada alikuwa sekondari sasa, kidato cha kwanza, ana madaftari ambayo mengine yalikuwa yameanza kumtia baridi ya tumbo. Alikwenda na sahani yake akakaa karibu na kaka yake, akamkumbusha kwamba kuna siku alimwuliza kitu akapokonywa ndoo badala ya kujibiwa. Ile kompyuta. Je, alipoifungua, iliuma?

Ashrafu alitafuna kwanza. Nyama ilimchukua muda.

"Iliuma," alisema. "Tena sana. Unajua nilichokuwa naogopa? Niandike kwa nguvu zangu zote, halafu bado irudi nyekundu. Nisipoandika, mtasema Kipanga angeweza, hakupata nafasi tu. Nikiandika, ndiyo basi, mmejua ninapoishia. Nikaisoma kwenye lile basi, ikaniuma kutoka hapa mpaka Doma, kule hifadhi inapoishia. Kufika Doma nikasikia njaa, nikanunua mahindi ya kuchoma."